Namna ya kumweleza mwenzako imani unayoiishi: jibu kwa mhasibu Msabato

Swali: Mimi ni mhasibu katika kampuni ya biashara ya jumla hapa Mwanza, na niliajiriwa mwaka jana. Nimezaliwa na kulelewa katika Kanisa la Waadventista Wasabato. Wenzangu kazini wengi ni Wakatoliki na Waislamu, na tunaelewana vizuri, lakini haipiti wiki bila kuulizwa kwa nini sionekani Jumamosi, kwa nini sili kitimoto (nyama ya nguruwe) wala kambare, na kwa nini sinywi hata chai ya rangi. Nikijibu najikuta nasema tu, “Kanisa letu linakataza,” nao huishia kunionea huruma. Sasa meneja ameanza kupanga kazi ya kuhesabu bidhaa ghalani iwe Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mchungaji, nieleze vipi ninachokiamini, na jinsi kinavyoongoza maisha yangu, bila kuhubiri na bila kuonekana ninajitetea?

Jibu: Binti yangu, nianze na hilo jibu ambalo umekuwa ukilitoa, kwa maana shida yote imejificha humo. Unaposema kwamba kanisa linakataza, unasema ukweli mdogo na kuuacha ukweli mkubwa. Anayekusikiliza anapata picha ya msichana mwenye hamu ya chai na kitimoto ambaye kuna wazee fulani wamemzuia, na mtu yeyote muungwana akiona picha hiyo atakuonea huruma. Wenzako hawana kosa hata kidogo. Wamekuuliza kuhusu imani yako, nawe umewapa kanuni za chama.

Nimefundisha madarasa ya ubatizo kwa muda mrefu, na nimeona kwamba vijana waliozaliwa kanisani hupata tabu hii kuliko wale walioingia wakiwa watu wazima. Aliyeingia ukubwani aliyapima mafundisho moja baada ya jingine, akabishana nayo, pengine akakosana na ndugu zake kwa ajili yake, na kwa hiyo anajua ni wapi alipoamua. Wewe uliikuta Sabato nyumbani kama ulivyomkuta bibi yako, na hakuna aliyewahi kukutaka ueleze kwa nini bibi yupo. Kwa hiyo kabla ya kumjibu mwenzako, kaa na Biblia yako na karatasi, uandike kila jambo unalolitenda kwa sababu ya imani, kisha pembeni yake uandike mambo mawili: andiko linalokusukuma, na kile unachokiamini kuhusu Mungu ambacho kinalifanya andiko hilo liwe na uzito kwako. Utakapokwama, hapo ndipo penye kazi yako ya kujifunza. Kukwama huko si dhambi.

Ukifanya hivyo kwa uaminifu, utagundua kwamba mambo mengi yanayoonekana kama makatazo yaliyotawanyika yanatoka katika shina moja. Sisi tunaamini kwamba Mungu ndiye aliyeumba, na kwamba wakati, mwili na mali tulivyo navyo ni vyake, nasi tumekabidhiwa tu tuvitunze. Kanisani tunaliita jambo hili uwakili, na bahati mbaya neno hilo limezoeleka kutajwa siku za matoleo, mpaka watu wengi wanadhani linahusu fedha peke yake. Tunaamini pia kwamba Kristo atarudi, kwa hiyo maisha haya yana mahali yanapokwenda, na aliyekabidhi atauliza. Sabato ni uwakili wa wakati, chakula ni uwakili wa mwili, fungu la kumi na vocha safi za malipo kazini ni uwakili wa mali. Ukianzia hapo, mwenzako ataona mtu anayempenda Mungu fulani na anayejaribu kuishi kama anavyompenda. Anaweza asikubaliane nawe, lakini atakuwa amekuelewa.

Tuanze na Sabato, kwa kuwa ndiyo inayokuletea maswali mengi. Amri ya nne inasema, “Ikumbuke siku ya Sabato uitakase,” na sababu inayotolewa palepale katika Kutoka 20 ni uumbaji: Mungu alifanya kazi siku sita akastarehe siku ya saba. Wewe unapoweka kalamu chini Ijumaa jioni, unakiri kwa mwili wako kwamba ulimwengu haushikiliwi na kazi yako. Mweleze mwenzako hivyo, kisha mweleze siku yenyewe inavyokwenda, kwa sababu watu wengi wanadhani Sabato ni kukaa kanisani tangu asubuhi hadi jioni basi. Mwambie kwamba Ijumaa kwako ni siku ya maandalio: nguo zimekwisha kupigwa pasi, viatu vimepigwa rangi, maji yamejazwa kwenye madumu, maharage yameiva tangu alasiri na yanasubiri kupashwa moto tu, na kama uligombana na dada yako kuhusu zamu ya kuosha vyombo, mmeshapatana kabla jua halijazama. Mwambie kwamba jua linapozama nyumba nzima hukusanyika, ukaimbwa wimbo, likasomwa andiko, na kila mtu akaomba, na kwamba tangu saa ile hakuna anayekuuliza habari ya deni, ya mteja wala ya ripoti. Mwambie kuhusu lesoni ya Shule ya Sabato, yaani darasa letu la kujifunza Biblia, ambamo mama muuza dagaa na mwalimu wa sekondari hukaa katika darasa moja na kubishana kwa heshima juu ya fungu lilelile. Mwambie kuhusu mchana wa kutembelea wagonjwa. Mtu aliyechoka na wiki akisikia habari hizo hatakuonea huruma tena, na wengine watatamani wangekuwa na siku kama hiyo.

Utaulizwa pia kwa nini siku yako inaanza jioni. Jibu ni jepesi, kwamba katika Biblia siku huhesabiwa tangu jioni hadi jioni, na Mambo ya Walawi 23:32 inasema hivyo waziwazi. Niongeze jambo dogo la historia ambalo mimi hulipenda kwa kuwa linatugusa sisi watu wa karibu na ikweta. Joseph Bates, nahodha mstaafu wa meli ambaye kijitabu chake cha mwaka 1846 kiliwavuta wengi kuishika Sabato, alifundisha kwamba ianze saa kumi na mbili kamili jioni popote duniani, kwa hoja kwamba ndiyo saa ya kuzama jua kwenye ikweta. Waumini waliifuata desturi hiyo kwa miaka kadhaa, mpaka mwaka 1855 walipoyarudia Maandiko, wakaona kwamba yanataja kuzama kwa jua na si saa ya ukutani, wakabadilika. Kwako Mwanza tofauti hiyo si kubwa, ijapokuwa jua hapo huchelewa kuzama kuliko Dar es Salaam. Kwa ndugu zetu walio Ulaya ya kaskazini, ambako mwezi Desemba jua huzama alasiri watu wakiwa bado maofisini, ni jambo la kila wiki. Ninakutajia habari hii kwa sababu inaonyesha watu waliokuwa tayari kusahihishwa na Biblia, na roho hiyo ndiyo ninayotaka uwe nayo unapojibu.

Mtu akikuambia kwamba hiyo ni dini ya Wamarekani, usikasirike. Mweleze ukweli: vuguvugu lilianza Marekani kati ya watu waliomtazamia Kristo arudi tarehe 22 Oktoba 1844, hakurudi, na baadhi yao wakarudi kwenye Biblia kwa machozi kutafuta walipokosea; kanisa likaundwa rasmi mwaka 1863. Hakuna haja ya kuficha mwanzo wenye majonzi kama huo. Mwaka 1903 wamishonari wa Kijerumani walifika Upareni, huko Mamba, na kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kazi ilikuwa imekwisha kufika Majita, mashariki ya Ziwa Victoria, kwa hiyo babu na bibi wa Kitanzania wameiishi imani hii kwa zaidi ya karne moja.

Sasa chakula. Hapa ndipo ninapotaka uwe mwangalifu kuliko mahali pengine pote, kwa sababu hapa ndipo Wasabato wengi huchanganya mambo ya uzito tofauti na kuyasema kwa sauti moja. Kitimoto na kambare umeviacha kwa sababu ya Mambo ya Walawi 11, ambapo mnyama wa kuliwa ni yule mwenye kwato zilizopasuka na anayecheua, na samaki ni yule mwenye mapezi na magamba. Ndiyo maana sato, sangara na dagaa unakula bila wasiwasi, na kambare asiye na magamba unamwacha. Vileo na tumbaku pia tumeahidi kuviacha siku ya ubatizo, kwa kuwa mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, kama isemavyo 1 Wakorintho 6:19. Chai ya majani na kahawa ni habari nyingine. Hizo ni ushauri wa afya tuliopewa na tunaoupenda, na wengi wetu tunakunywa mchaichai badala yake, lakini ukimwambia mwenzako kwamba chai ni dhambi kama ulevi, utakuwa umemfundisha kitu ambacho Biblia haikisemi, naye atakapokutana na Msabato anayekunywa chai atadhani mmoja wenu ni mnafiki. Sema wazi: hili ni agizo la Maandiko, hili ni ushauri wa kanisa ninaouona kuwa wa hekima, na hili ni mazoea tu ya nyumbani kwetu. Mtu akisikia unatenganisha hivyo, atakuamini hata pale utakaposema jambo gumu.

Wenzako Waislamu nao hawali kitimoto, na hilo litawapa nafasi ya kuzungumza kwa urafiki, lakini usiharakishe kusema kwamba ninyi ni wamoja. Wao wana kitabu chao na sababu zao, na watafurahi zaidi ukiwauliza kuliko ukiwasemea.

Kuhusu mali, nitasema kwa kifupi juu ya fungu la kumi na kwa kirefu juu ya jambo jingine. Kama mshahara wako ni shilingi 900,000, shilingi 90,000 unazirudisha kwa Bwana kabla hujapanga matumizi mengine. Wapo wanaohesabu kabla ya makato na wapo wanaohesabu baada ya makato, na kanisa halimkagui mtu wala halimwondoi ushirika kwa ajili hiyo. Mwenzako akikuuliza kwa nini, mwambie kwamba asilimia kumi inakukumbusha mwenye ile tisini.

Jambo la pili ni hiyo meza yako ya uhasibu. Binti yangu, imani yako inasomwa hapo kuliko mahali pengine popote. Ofisini wote wanajua nani huongeza sifuri kwenye risiti ya mafuta, nani huleta stakabadhi ya chakula cha mchana ambacho hakikuliwa, na nani huandika posho ya safari ambayo haikufanyika. Siku moja mtu unayempenda na unayemheshimu atakuletea karatasi ya namna hiyo akuombe uipitishe, na pengine kiasi chenyewe ni shilingi 15,000 tu. Ukiipitisha, maelezo yako yote kuhusu Jumamosi yatakuwa yameisha nguvu, hata kama hakuna atakayekuambia. Ukiikataa kwa upole, ukamwita pembeni ukamwambia, “Kaka, hii siwezi kuisaini, lakini tuangalie kama kuna njia halali ya kukusaidia,” utakuwa umeieleza amri ya nane na ya tisa kwa lugha anayoielewa. Kwa maoni yangu Msabato anayelinda saa za Ijumaa jioni kwa dakika na kulegea kwenye vocha za Jumatatu ameigawa sheria ya Mungu vipande viwili, na watu wa nje huliona hilo upesi kuliko sisi wa ndani.

Kuna eneo jingine ambalo hukulitaja, nalo litakufikia tu, kwa kuwa hakuna ofisi isiyopata msiba. Sisi tunaamini kwamba aliyekufa amelala, hajui neno lolote, kama asemavyo Mhubiri 9:5, na kwamba ataamshwa siku Kristo atakaporudi. Kwa sababu hiyo hatuombi kwa wafu wala hatuwaombei, hatuendi kwa mganga kuuliza marehemu anataka nini, na hatuogopi mizimu. Imani hii inanipa mimi binafsi faraja kubwa sana, kwa maana najua kwamba wazazi wangu hawayaoni mateso yetu wala hawahangaiki. Lakini mwenzako aliyefiwa na mama yake jana akisema kwamba mama anamtazama kutoka juu, hapo si mahali pa fundisho. Nenda msibani, toa mchango wako kwenye daftari kama wengine, kaa na akina mama jikoni, osha masufuria. Kama siku za baadaye atakuuliza wewe unaamini nini juu ya mauti, msomee 1 Wathesalonike 4 kuanzia aya ya 13, taratibu, kisha unyamaze umpe nafasi ya kulia.

Hilo linanipeleka kwenye namna ya kusema. Petro ameandika, “Mwe tayari siku zote kumjibu kila mtu awaulizaye habari za tumaini lililo ndani yenu, lakini kwa upole na kwa hofu.” Angalia kwamba anayejibiwa ni yule aliyeuliza, na kinachojibiwa ni kile alichouliza. Mtu akikuuliza kwa nini huonekani Jumamosi, asijikute baada ya dakika tano yuko kwa wanyama wa unabii katika kitabu cha Ufunuo na historia ya mapapa. Najua mahubiri ya hadhara yametuzoesha kuyaunganisha hayo, nami sipunguzi uzito wa unabii hata chembe. Nasema tu kwamba mwenzako Mkatoliki aliyeuliza kwa nia njema anastahili asiambiwe ubaya wa kanisa lake wakati wa chakula cha mchana. Zungumza kwa “naamini” na “nimeona”, ambayo ni mali yako, uache “ninyi mnakosea”. Na ukishajibu, muulize yeye: kwenu mnafunga vipi Kwaresima, au Ramadhani inakubadilishia nini katika kazi zako? Umsikilize kweli, kwa sababu ya kumpenda, bila kutafuta upenyo wa kurudisha mazungumzo kwako.

Kama unataka maneno ya kuanzia, jaribu kusema hivi kwa sauti ukiwa peke yako, kisha uyageuze yawe yako: “Ninaamini Mungu ndiye aliyeniumba na kwamba Yesu atarudi. Kwa hiyo wiki yangu, mwili wangu na fedha zangu naviona kama vitu nilivyokabidhiwa. Siku ya saba namrudishia Yeye, napumzika na familia na kanisa, na kusema kweli ndiyo siku ninayoisubiri kuliko zote. Vyakula fulani nimeviacha kwa sababu hiyohiyo. Sifaulu mara zote, lakini huko ndiko ninakoelekea.” Yanachukua chini ya dakika moja. Anayetaka zaidi atauliza zaidi.

Ongeza siku moja habari ya meza ya Bwana, maana watu wa nje hawaijui na inawashangaza kwa uzuri. Kila robo ya mwaka, kabla ya mkate na divai isiyo na kilevi, tunaoshana miguu, kama Yesu alivyofanya katika Yohana 13. Nimemwona meneja wa benki amepiga magoti mbele ya mlinzi wa usiku na beseni la bati, akimkausha kisigino kwa taulo polepole, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeona ajabu. Mtu anayejua kwamba Sabato hiyo inakuja hutafuta mapema ndugu waliyekosana naye, kwa hiyo huduma hiyo inatengeneza mahusiano wiki nzima kabla ya kufika.

Mwisho ni meneja wako, na hapa usichanganye kueleza imani na kuomba haki. Meneja hahitaji somo refu la Kutoka 20. Anahitaji kujua kazi itafanyikaje. Danieli alipowekewa chakula cha mfalme hakugoma wala hakulalamika, bali alimwendea mkubwa wake kwa heshima, akapendekeza jaribio la siku kumi lililoweza kupimwa kwa macho. Nenda nawe hivyo, na mapema, wala usingoje Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Ibara ya 19 ya Katiba yetu inalinda uhuru wa dini, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya dini yake, na sheria hiyohiyo inampa mfanyakazi mapumziko ya angalau saa 24 kila wiki na kutaka kazi ya saa za ziada iwe kwa makubaliano. Yajue hayo ili usimame bila woga, lakini usiyatupe mezani kabla hujakataliwa. Sema kwamba unaomba siku yako ya mapumziko iwe Jumamosi, kwamba uko tayari kuhesabu bidhaa Jumapili asubuhi au kukaa ghalani hadi usiku siku ya Alhamisi, na kwamba orodha za kuhesabia utaziacha tayari zimechapwa Ijumaa mchana ili watakaohesabu wasikusubiri. Wenzako watakaobeba mzigo wako Jumamosi uwabebee wao Jumapili na sikukuu zao, nao wasilazimike kukuomba.

Akikubali kwa mdomo, mshukuru na umwandikie barua fupi inayorudia mlichokubaliana, yenye tarehe na sahihi, nakala ibaki kwako. Akikataa, mwombe akujibu kwa maandishi, kisha upeleke barua zote mbili kwa mchungaji wa mtaa wako, aende nawe kuzungumza naye kabla hujafikiria kuacha kazi wala kwenda kwenye vyombo vya usuluhishi.